Mmarekani Unguja: Salamu Kwanza, Bei Baadaye

Karibu Unguja, mgeni wetu kutoka Boston au Dallas. Watu wa kwenu tunawajua zamani. Mkataba wa biashara kati ya Marekani na sultani wetu wa wakati ule, Sayyid Said, ulitiwa saini mwaka 1833, na konsuli wenu wa kwanza, Richard Waters wa Salem, alifika 1837. Meli za Salem zilileta kitambaa cha merikani, zikaondoka na pembe za ndovu na sandarusi. Kwa ujirani wa muda mrefu hivyo, huna udhuru wa kutojua kuamkia.

Tuseme uko sokoni Darajani na unataka chupa ya maji. Usiyataje maji kwanza. Simama, umuulize muuzaji habari za asubuhi, za nyumbani, za watoto, za kazi. Atajibu nzuri, kisha atakuuliza wewe, nawe utajibu nzuri hata kama begi lako limebaki Doha. Habari za begi zina zamu yake: "Nzuri, ila..." na hapo utasikilizwa na duka zima. Kwenu mtu huuliza hali yako huku anapita. Hapa ukiuliza, ngoja jibu. Mkishajuliana hali, hata bei huzungumzika.

Wazee walioketi barazani usiwapite kimya. Toa shikamoo, ungoje marahaba. Kama una mvi, jiandae kuitikia, maana watoto wa madrasa watakuamkia bila kujali pasipoti yako.

Mengine ni mepesi. Nguo za kuogelea ziishie ufukweni Nungwi. Mji Mkongwe funika mabega na magoti. Kula kwa mkono wa kulia. Piga hodi, na usipoitikiwa mara ya tatu, nenda zako. Viatu vua mlangoni. Ramadhani usizunguke mchana na kikombe cha kahawa; vumilia hadi adhana ya magharibi, na ukialikwa kufuturu utalishwa mpaka kuinuka kuwe kazi.

Linaloniuma zaidi ni kamera. Mama anayekuna nazi uani kwake hajajiweka kwenye maonyesho. Mwamkie, muombe ruhusa. Akikataa, rudisha simu mfukoni na umshukuru vilevile. Akikubali, mwoneshe picha hapohapo, na ukimuahidi kumtumia, mtumie: wako wengi mitaani humu ambao bado wanazisubiri zao.