Baraza la Stoo ya Shule

Ruzuku za kilimo nchini Marekani zilianzishwa kumwokoa mkulima. Mlaji hakuwemo kwenye hesabu. Mwaka 1933, wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, bei za mazao zilishuka mno hata serikali ya Rais Franklin Roosevelt ikaamua kuwalipa wakulima wapunguze kulima, ili mazao yaadimike na bei ipande. Nguruwe wapatao milioni 6 walichinjwa mwaka huo kwa sababu hiyo hiyo, wengi wakiwa bado wachanga. Hatua hiyo ilielezwa kuwa ya dharura. Dharura yenyewe sasa imepita miaka 90. Kila baada ya miaka mitano au zaidi Bunge huiandika upya sheria ya kilimo, na mazao matano hayakosi fungu lake humo: mahindi, soya, ngano, pamba na mpunga. Karoti haimo.

Namna mfumo huu unavyofika kwenye sahani ya mtoto inaelezwa hapa na wale wanaofika kwenye sahani hiyo. Wamo ndani ya stoo ya jikoni ya shule ya msingi katika jimbo la Illinois, usiku, wapishi wakiwa wameshafunga. Rafu ya juu, mahali pasipo na unyevu, amekaa Hindi. Huyu si Hindi wa ugali. Ni wa njano, wa ukoo ule ambao wazee wa Tanzania wanaukumbuka kwa jina la yanga tangu enzi za chakula cha msaada. Kwao Marekani, sehemu kubwa yake huliwa na ng'ombe, nguruwe na kuku. Sehemu nyingine inayokaribia hiyo huchomwa kwenye injini za magari ikiwa ethanoli. Kinachobaki huuzwa nje au hugeuzwa wanga, mafuta na sirapu. Karoti yuko chini kabisa, ndani ya kreti.

Karoti: Shikamoo, Mzee Hindi.

Hindi: Marahaba, binti. Umetoka wapi na udongo wako huo?

Karoti: Shamba la jirani tu. Shule ilininunua kwa ule mpango wa kuchukua chakula kwa wakulima wa karibu.

Hindi: Si umefutwa?

Karoti: Umefutwa. Mimi ni masalia.

Mpango huo ulikuwa umetengewa takriban dola milioni 660 kwa shule na vituo vya watoto wadogo. Wizara ya Kilimo iliufuta Machi 2025.

Hindi: Usinung'unike. Hata mimi zamani nililipiwa nisilimwe. Kisha mwaka 1971 akaja Earl Butz, Waziri wa Kilimo wa Rais Nixon, akawaambia wakulima walime kutoka ua hadi ua. Sheria ya 1973 ikaweka bei lengwa: soko likianguka chini ya hapo, serikali inafidia. Tangu siku hiyo sijui hofu. Nikijaa kupita kiasi, nalindwa. Nikipigwa na ukame, nina bima, na zaidi ya nusu ya ada yake inalipwa na serikali.

Karoti: Na mimi nikikauka?

Hindi: Utaombewa.

Hapo Hindi anatia chumvi: bima ya mboga ipo, ila haijawahi kukaribia ukubwa wa ile ya mahindi. Jambo zito zaidi ni lile ambalo Hindi hakulitaja. Kwa miaka mingi sheria ilimzuia mkulima aliyepokea malipo asipande mboga wala matunda ya kuuza kwenye ekari zilizosajiliwa kwa mazao ya ruzuku. Akipanda, alihatarisha malipo yake. Wakulima wakubwa wa mboga wa California na kwingineko waliitetea kanuni hiyo, maana iliwaondolea washindani. Kwa hiyo kosa si la Hindi peke yake. Ukoo wa Karoti nao una mikono yake humo, na Karoti hapendi kukumbushwa.

Kwenye rafu ya kati aliamka Sukari, wa miwa ya Florida.

Sukari: Mimi sijazoea kupokea hundi ya serikali. Natembea kifua mbele.

Karoti: Huihitaji hundi, Bibi Sukari. Mlaji anakulipa mwenyewe dukani bila kujua.

Sheria ya 1981 ilimwekea Sukari bei ya kumkinga, na mwaka 1982 vikafuata viwango vya kuzuia sukari ya nje. Tangu wakati huo bei ya sukari ndani ya Marekani imekuwa mara nyingi karibu maradufu ya bei ya soko la dunia. Viwanda vya soda vikatafuta mlango mwingine, na mlango ulikuwa wazi: sirapu ya mahindi. Mwaka 1984 Coca-Cola na Pepsi ziliikubali sirapu ichukue nafasi yote ya sukari katika soda zao kuu nchini humo. Kampuni za kusaga mahindi, Archer Daniels Midland ikiwa mbele, zikawa watetezi hodari wa kinga ya sukari, kwa kuwa sukari ikiwa ghali sirapu huonekana ya bei ya kutupa.

Karoti: Yaani wewe ulipandishwa bei ili Mzee auze sirapu, na mkaenda Bungeni mmeshikana mikono?

Sukari: Ni udugu.

Karoti: Udugu mwema. Utamu haukupungua hata kijiko. Ulibadilisha njia tu.

Ndani ya mwili tofauti ya wawili hao ni ndogo: sirapu ya soda ina fruktosi karibu asilimia 55, sukari ya kawaida 50. Anayeapa kwamba sirapu ni sumu na sukari ni salama anakifanyia kazi chama cha sukari bila mshahara.

Wakati huo Nyanya, aliyesagwa na kufungwa ndani ya kopo, alikuwa akisubiri zamu yake kwa shida.

Nyanya: Kabla hamjaendelea, itambulike kwamba humu ndani mboga rasmi ni mimi. Vijiko viwili vyangu vya chakula juu ya piza ni nusu kikombe cha mboga.

Karoti: Vijiko viwili ni thumuni ya kikombe, dada.

Nyanya: Jikoni, ndiyo. Bungeni ni nusu.

Kiazi: Na mimi?

Nyanya: Wewe ni mboga hata ukikaangwa. Muulize Seneta Susan Collins wa Maine.

Jibini: Mimi naishi juu ya Nyanya miaka yote. Umboga hauambukizi?

Nyanya: Andika maombi, Mama Jibini.

Jibini: Na boksi la piza? Lina picha ya jani.

Nyanya: Boksi likipata wakili, litakuwa mchicha.

Chumvi: Samahani, mimi natoka baharini. Mwani nao unatoka baharini.

Nyanya: Sogea hapa uandikishwe.

Kiazi: Na ufagio? Ni wa nyasi.

Nyanya: Nyasi ni jamii ya ngano. Tayari una ruzuku.

Karoti: Na mimi, dada?

Nyanya: Wewe una nani Bungeni?

Karoti: Sina mtu.

Nyanya: Basi wewe ni pambo.

Utani huo una kumbukumbu rasmi. Septemba 1981 Wizara ya Kilimo ilitoa pendekezo ambalo lingeruhusu achari na vionjo vya aina hiyo kuhesabiwa mboga katika chakula cha shule, wakati bajeti ya chakula hicho ikikatwa. Wananchi waliona tomato sosi ikipandishwa cheo, wakacheka, na pendekezo likaondolewa. Mwaka 2011 wizara ilijaribu kwenda upande wa pili: ilitaka nyanya ya kopo ipimwe kwa ujazo wake halisi, na viazi viwekewe kikomo kwa wiki. Watengenezaji wa vyakula vya kugandishwa na wakulima wa viazi walipiga hodi Bungeni. Novemba mwaka huo Bunge likaizuia wizara kwa kifungu kilichotiwa ndani ya sheria ya matumizi. Safari hii kicheko hakikusaidia, na kipande cha piza kikabaki na mboga zake za makaratasi.

Jibini: Mimi sina kesi. Wizara yenyewe inanitangaza.

Ni kweli. Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa hukatwa tozo kwa mujibu wa sheria, na fedha hizo hutumiwa na taasisi ya kutangaza maziwa iliyo chini ya usimamizi wa wizara. Mwaka 2010 ilijulikana kwamba taasisi hiyo ilikuwa imesaidia Domino's kuunda piza zenye jibini nyingi zaidi, na kulipia kampeni ya dola milioni 12 ya kuzitangaza. Wakati huo wizara hiyo hiyo ilikuwa ikiandika mwongozo wa lishe uliowataka Wamarekani wapunguze mafuta ya wanyama. Mkono wa kulia uliuza na wa kushoto ukaonya. Mikono yote miwili ilikuwa na bosi mmoja.

Hindi aliona mambo yanamwendea kombo, akaomba msaada wa wachumi. Ulikuwa utetezi wake bora, na unastahili kusikilizwa.

Hindi: Binti, fanya hesabu. Thamani ya mahindi yaliyomo ndani ya chupa ya soda ni senti chache. Wachumi wa kilimo wamechunguza, wakasema ruzuku yangu ikifutwa kesho, bei ya soda haitatikisika na kiuno cha Mmarekani hakitapungua. Sukari naye ameongezewa bei. Hilo si lingepaswa kuwapunguzia watu utamu?

Karoti: Na ule utafiti wa 2016, uliokuta waliokula zaidi vyakula vya mazao ya ruzuku walikuwa na uwezekano wa unene uliokithiri zaidi kwa asilimia 37 kuliko waliokula kidogo?

Hindi: Walikula wenyewe. Utafiti unaonyesha vitu viwili vikitembea pamoja. Hausemi nani kamshika nani mkono.

Hindi ana haki katika hilo. Unene uliokithiri kwa watu wazima wa Marekani ulipanda kutoka asilimia 13 hivi mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi zaidi ya 42 mwaka 2017 na 2018, na hakuna mtafiti makini anayeubebesha mgongo wa mahindi peke yake. Lakini bei ni nusu ya habari. Malipo ya miaka 90 hujenga pia matajiri, vyama vyao na ofisi zao za ushawishi mjini Washington, na hapo ndipo Karoti alipoacha adabu.

Karoti: Wachumi wako wamepima senti za soda, hawakupima masikio ya wabunge! Januari 1977 kamati ya Seneti chini ya George McGovern iliwaambia Wamarekani wapunguze nyama. Neno moja, wapunguze. Wafugaji wakawaka, na ilipofika Desemba neno likawa wachague nyama, kuku na samaki wenye mafuta machache. Yaani waendelee kula, ila kwa uangalifu! Mwaka 1991 wizara ikachora piramidi ya chakula, wenye nyama na maziwa wakaguna, ikafungiwa mwaka mzima na kupimwa tena kwa fedha za umma. Na wewe Bibi Sukari, usijifiche nyuma ya unga! Taasisi yako iliwalipa watafiti wa Harvard waandike makala ya 1967 iliyoelekeza lawama za maradhi ya moyo kwa mafuta, na dunia haikujua hadi 2016.

Sukari: Hayo ya zamani.

Karoti: Ya 2003 je? Shirika la Afya Duniani liliandaa ripoti ikisema sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya chakula. Chama chako kikamwandikia Mkurugenzi Mkuu, Gro Harlem Brundtland, kikitishia kuliomba Bunge liutazame upya mchango wa Marekani wa dola milioni 406. Shirika hilo ndilo Tanzania, Kenya na Burundi hutegemea kwa miongozo ya kisukari na chanjo. Mlikuwa tayari mtoto wa Kigoma akose chanjo ili mtoto wa Chicago asiambiwe ukweli kuhusu soda!

Brundtland hakurudi nyuma; ripoti ilitoka. Hata hivyo, mkakati wa kimataifa wa lishe uliopitishwa na nchi wanachama mwaka 2004 ulizungumzia kupunguza sukari bila kutaja asilimia 10. Kiwango hicho kilirudi katika mwongozo wa mwaka 2015.

Sukari: Kwani tulivunja sheria gani?

Karoti: Hakuna, na hapo ndipo penye aibu! Mwizi angefungwa. Nyinyi mna risiti.

Hakuna aliyejibu. Kiazi aliuliza kama kesho ni zamu yake, Nyanya akasema kesho ni piza.

Mwongozo rasmi ambao wizara iliutoa mwaka 2011 ulionyesha sahani ambayo nusu yake ni mboga na matunda. Ni mtu mzima mmoja tu kati ya kumi nchini Marekani anayekula mboga kwa kiwango kinachopendekezwa. Sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 ilipandisha bei rejea ya mahindi, ile ambayo soko likianguka chini yake serikali hufidia, kutoka dola 3.70 hadi 4.10 kwa kila kilo 25 hivi. Sheria hiyo hiyo ilipunguza msaada wa chakula kwa maskini kwa takriban dola bilioni 186 katika miaka 10, na kulifuta fungu lililolipia masomo ya lishe kwa wanaoupokea.