Kahawa ya Kisu

Kisu cha babu kilitoka naye migodini Afrika Kusini, enzi ambazo vijana wa kusini walikwenda kuchimba dhahabu wakarudi na blanketi na maringo. Ni Okapi: mpini wa mti wenye nyota na mwezi, na pete ndogo mgongoni ya kuvuta ukitaka kukikunja. Wajerumani walianza kuvitengeneza mwaka 1902, wakiyalenga makoloni yao ya Afrika. Nilipokirithi, kutu ilikuwa imekifunga kabisa. Nikaapa kukifufua.

Siku tatu kililala ndani ya mafuta ya taa. Ya nne nikakibana kwa koleo, nikavuta. Mpini ukapasuka, kipande kikarukia sufuria ya maharage. Mke wangu akauliza kama maharage yamepona. Kidole changu hakukiulizia.

Mpini mpya nikauchonga kwa mpingo. Biti mbili za drili zilikatikia humo, na zote zilikuwa za kuazima.

Ukabaki urembo. Chuma cha Okapi kina kaboni nyingi. Kikigusa ndimu kinashika weusi, na weusi huo ukikolea vizuri husaidia kuzuia kutu nyekundu. Wajuzi huutafuta kwa makusudi, na dawa mojawapo ni kahawa kali ya moto. Kahawa, hapa Mbinga! Sisi Wamatengo tunailima, tunaianika, tunaiuza, halafu asubuhi tunakunywa chai. Nikaona zao letu limepata kazi ya nyumbani hatimaye. Nikachemsha, nikamimina kwenye chupa ya chai, nikatia siki kidogo, nikatumbukiza bamba la kisu, nikafunga, nikaenda zangu shambani.

Niliporudi nilimkuta mama mkwe sebuleni. Amepanda kutoka Liuli na kapu la dagaa. (Ni Liuli hiyohiyo ambako Agosti 1914 Waingereza waliipiga mizinga meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ikiwa imepandishwa nchi kavu kufanyiwa matengenezo. Ningekumbuka mapema.)

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, baba. Nimejihudumia kahawa. Ina nguvu! Ila chupa yenu imevunjika kioo ndani, nimesikia kinagonga. Nimeitupa shimoni, msije mkafa.”

Nilimshukuru. Ningesema nini? Usiku, tochi mdomoni, nikaingia shimo la taka na kupekua maganda ya ndizi mpaka nikakipata. Kilikuwa cheusi, chenye mawimbi kama ziwa jioni. Nilisahau hata harufu.

Mwezi uliofuata tukashuka Liuli. Mama mkwe alikuwa anapaa mbasa, akaomba kisu. Nikamkabidhi kwa mikono miwili, nikingoja sifa. Akakigeuza, akakikunjia uso, akaelekea nacho ufukweni.

Alikirudisha baada ya robo saa, kinang'aa kama sufuria ya harusi.

“Kilikuwa kichafu, baba,” alisema, akikung'uta mchanga viganjani. “Nimekusugulia.”