Tyubu za Gerezani, mto wa nani?

Mxiuu! Hebu sikilizeni kijiwe chetu cha Kariakoo. Kahawa inapita, kashata zinatafunwa, vijana wanapanga mtoko wa mtoni. Eti wanunue tyubu za lori Gerezani, wazijaze upepo, wakalie, maji yawapeleke taratibu huku wanapiga soga. Mmoja kaona kwenye simu watu wakila raha hivyo Jinja, Uganda, pale Mto Nile unapotoka Ziwa Victoria.

Haya wanangu, mto gani?

Rufiji, akadakia mmoja. Ebo! Mto wa viboko na mamba huo. Hata watalii wa Hifadhi ya Nyerere wanapita na boti ya injini, mwongozaji yupo, wewe unataka kuning'iniza miguu majini? Ruvu na Wami nako mamba wapo.

Uliobaki ni Msimbazi, na huo hauna hata nauli. Unashuka kutoka vilima vya Pugu, unapita Vingunguti, Kigogo na Jangwani, unamwagika baharini Salenda. Kwa ramani, mto mtamu kabisa. Sasa nani ataweka makalio yake mle? Kiangazi maji meusi, chupa za plastiki, pampasi zimenasa kwenye matete. Masika ikifika, mto huohuo unazoa vyombo vya watu. Desemba 2011 uliua, na baadhi ya waliopona wakapewa viwanja Mabwepande. Watu wa mabasi ya Mwendokasi nao wakajenga karakana palepale Jangwani, mvua ikanyesha, mabasi yakaogelea. Nani aliwashauri, sijui!

Mwaka 2022 Benki ya Dunia ikaidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya bonde hilo: daraja Jangwani, mto uchimbwe, na bustani ya jiji. Bustani naitaka, tena sana. Ila mimi nitawaamini siku wanaofungulia vyoo mtoni mvua ikinyesha watakapokamatwa. Tunawajua, wengine tunakunywa nao kahawa.

Kwa hiyo mto hamna, Jumapili pandeni pantoni, pelekeni tyubu zenu baharini Kigamboni. Kile kichuma cha kujazia upepo kifungeni kitambaa, kinachana tumbo. Mpira mweusi umwagieni maji kabla ya kukalia, jua la saa saba linauchemsha. Upepo ukitoka nchi kavu msiingie, utawasukuma mbali. Na asiyejua kuogelea abaki ufukweni, alinde viatu na simu.