Fadhila za Kampeni Chafu

Kampeni ya kumchafua mpinzani humpunguzia mpiga kura mzigo wa kusoma ilani. Anayeng'ang'ania kuuliza habari za kodi na hospitali hana shukrani tu. Marekani ililijua hilo mapema. Tarehe 7 Septemba 1964, kampeni ya Rais Lyndon Johnson ilirusha tangazo la dakika moja kwenye televisheni: mtoto wa kike anahesabu petali za ua, mara bomu la nyuklia linalipuka. Mpinzani wake, Barry Goldwater, hakutajwa hata kwa jina, adabu ikazingatiwa. Tangazo lililipiwa mara moja tu, taarifa za habari zikalirudia bure. Johnson akashinda majimbo 44. Mwaka uliofuata alipeleka wanajeshi wa mapambano Vietnam, lakini suala hilo lilikuwa refu, lisingeenea katika dakika moja.