Mzee, Ziko Winguni

Utaalamu wangu wa kompyuta ulianza na kibano cha nyusi. Printa ya ofisi ilikuwa imemeza karatasi, dada wa mapokezi akaniazima kibano chake, nami nikaitoa karatasi ile kipande kwa kipande, Mzee akiwa amesimama nyuma yangu kimya kama ndugu wa mgonjwa. Tangu siku hiyo kila kinachochomekwa ukutani ni changu. Kazi niliyoajiriwa, ya kuandaa hati za forodha, naifanya nikipata nafasi.

Ofisi yetu iko ghorofa ya pili, Kariakoo: watu watano, kompyuta tatu, feni moja. Ankara zote zilikaa kwenye kompyuta ya mhasibu, na nakala zake kwenye flashi nyekundu ndani ya droo ya Mzee, pamoja na peremende za kifua na funguo za gari alilokwisha kuliuza. Hiyo ndiyo ilikuwa bakapu. Kisha mpwa wa Mzee akaiazima flashi aweke nyimbo za harusi. Ilirudi na nyimbo 212. Ankara, hata moja.

Hapo ndipo nilipojitia kimbelembele. Nikamwambia Mzee siku hizi watu wanahifadhi mafaili winguni.

"Shilingi ngapi?"

"Bure, mzee. Wanakupa GB 15."

Mzee amefanya biashara Kariakoo miaka thelathini. Ukimtajia bure anashika mfuko. "Bure! Na wao wanakula wapi?" Akataka kujua hilo wingu liko wapi hasa, maana yeye hawezi kuweka mali mahali asipoweza kupanda bodaboda akaenda kugonga mlango. Nikamweleza kwamba wingu ni majumba yaliyojaa kompyuta, na kwamba kuna moja liko Hamina, Finland, lilikuwa kiwanda cha karatasi, sasa mitambo yake inapozwa kwa maji ya bahari. Akafikiri kidogo.

"Kwa hiyo karatasi zetu zinatoka hapa kwenda kujificha kwenye kiwanda cha karatasi."

"Ndiyo, mzee."

"Endelea."

Nikafungua akaunti. Kwa kuwa kila akaunti inataka namba ya simu, na kila namba ya ofisi ina mwenyewe anayeogopa kutapeliwa, nikatumia akaunti yangu mwenyewe. Naomba msomaji alikumbuke kosa hilo, linarudi.

Kupandisha mafaili kulinipa adabu. Intaneti yetu hushusha video za mpira bila kukohoa, lakini kupandisha ni mkokoteni kwenye mlima. GB 9 kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde ni saa 20, umeme usipokatika. Ulikatika mara tatu. Siku ya pili bando likaisha, Mzee akaninunulia jingine huku akiniuliza, kwa upole wa kutisha, kama hii ndiyo ile bure.

Wiki mbili tukawa watu wa kisasa. Nikamwekea Mzee akaunti kwenye simu yake, awe anatazama ankara akiwa foleni ya Ubungo. Asubuhi moja akaniita, akanigeuzia simu. Kwenye kioo nilikuwa mimi, Coco Beach, mdomo umejaa muhogo, pilipili shavuni, na tarehe chini yake: Alhamisi ile niliyotuma ujumbe kwamba tumbo limenishika. Simu yangu ilikuwa inapandisha picha zenyewe, akaunti ileile.

"Tumbo linaendeleaje, kijana?"

Zile GB 15, kumbe, ni za picha, barua pepe na mafaili vyote kwa pamoja, kama chumba cha kupanga chenye jiko, kitanda na kuku. Video za mapacha wa dada yangu zikajaza chumba, na barua pepe za wateja zikaanza kugonga mwamba. Mteja mmoja alipiga simu akadhani tumehama nchi. Nikafuta mapacha.

Sasa njoo wiki iliyofuata Idi, Aprili 2024. Kompyuta ya mhasibu ikaanza kulalamika kwamba imejaa. Mhasibu wetu ni mama mwenye akili ya kupanga kabati. Akaitazama folda ya ankara za zamani, akakumbuka maneno yangu mwenyewe, ziko winguni, akajiambia kama ziko huko, za nini tena hapa? Akafuta. Akafuta na kwenye kikapu cha taka, maana hapendi uchafu.

Mantiki yake sijapata kuipinga hadi leo. Tatizo ni kwamba programu ile ya wingu haikuwa inahifadhi, ilikuwa inafananisha. Ukiandika huku, inaandika kule. Ukifuta huku, inafuta kule, kisha inateremka kwenye kompyuta nyingine zote ikafute na huko, isije ikaonekana inapendelea. Ankara za miaka mitano zikatoweka ofisi nzima kabla chai ya saa nne haijapoa, na hakuna aliyejua.

Tulijua Jumatatu, Mei 13. Mzee alitaka ankara ya 2022, mteja anabisha deni. Nikafungua folda: nyeupe. Kompyuta ya pili: nyeupe. Nikasoma masharti kwa mara ya kwanza maishani. Kilichofutwa hukaa kwenye taka za wingu siku 30, kisha basi. Nikahesabu kwa vidole, nikarudia na kikokotoo. Zilikuwa zimebaki siku mbili.

Siku mbili ni nyingi kwa kubonyeza mara moja. Lakini Jumapili yake, Mei 12, nyaya mbili za chini ya bahari zilikuwa zimekatika huko kusini, na intaneti ya Tanzania ikawa ya kuotea. Hata ubalozi wa Marekani hapa Dar ulitangaza kufunga milango kwa ajili ya mtandao. Wenye mawingu wenyewe. Mimi nilikuwa na ukurasa mweupe wenye kiduara kinachozunguka. Mzee akavuta kiti pembeni yangu, tukawa tunakitazama kiduara wote wawili, kama watu wanaosubiri mwezi uandame.

"Umesema ziko wapi?"

"Winguni, mzee. Kwenye taka za wingu."

"Hata huko kuna taka."

Nilirudi nyumbani na kompyuta. Saa saba na dakika kumi usiku, mji umelala, ukurasa ukafunguka nusu: majina ya mafaili upande mmoja, na kitufe cha kurejesha kikiwa bado hakina maandishi, alama tu. Nikakibonyeza kwa Bismillahi. Zikarudi. Nikapiga kelele hadi mpangaji mwenzangu akagonga ukuta.

Mzee hakunisifu. Alikwenda dukani akanunua diski ngumu, akasema hii haikai ofisini wala winguni, inakaa kwake Temeke, kwenye kabati la vyombo la mama. Sikumwambia kwamba amefikia mwenyewe kanuni aliyoieneza Peter Krogh, mpiga picha wa Marekani: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja iwe mbali. Angedai alipwe.

Kwa hiyo kila Ijumaa jioni nabeba kompyuta hadi Temeke. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, umekonda. Diski haitoki kabatini mpaka nimalize sahani. Ijumaa iliyopita nimeikuta imevalishwa kitambaa cha kufuma, na juu yake chupa ya chai.

"Mama, hii haitaki joto."

"Joto gani?" akasema, akinimiminia kutoka chupa ileile. "Si chupa imefungwa?"