Heko, Leya Isiyo na Jina

Nimesubiri sana mtu aliyenizidi elimu aitungie utenzi leya isiyo na jina. Kwa kuwa hajatokea, nitaisifu mimi, fundi wa mabango wa hapa Bariadi.

Photoshop, programu ya kuhariri picha, ilileta leya, yaani matabaka ya picha, mwaka 1994, kwenye toleo la 3.0. Mchoraji akaanza kupaka anga peke yake, pamba peke yake, watu peke yao, akawa anarekebisha kimoja bila kukigusa kingine. Kila leya ina nafasi ya kuandikwa jina, ila programu hailazimishi. Usipoandika, yenyewe inajiandikia: Leya 1, Leya 2, mpaka Leya 63 nakala ya 4. Kijana ninayepokezana naye zamu hajawahi kuandika jina hata moja, Mungu ampe maisha marefu.

Fadhila yake kuu ni usawa. Chukua bango la Nane Nane, miaka ile ya 2018 hadi 2020 maonyesho ya kitaifa yalipofanyika Nyakabindi. Ndani ya faili moja tulikuwa na shamba la pamba, maziwa ya Meatu, chaki za Maswa, wacheza bayeye na chatu wao, na mgeni rasmi akitabasamu. Fungua orodha ya leya: cheo hukioni. Mheshimiwa ni Leya 41. Kivuli cha kwato za ng'ombe ni Leya 42, kimempita kwa namba moja na hakuna mtu wa itifaki aliyelalamika. Ukimtafuta mheshimiwa, unazima vijicho vilivyo pembeni mwa leya, kimoja kimoja. Anatoweka mbuzi, yanatoweka mawingu, linatoweka debe la maziwa, na akitoweka yeye ndipo unajua umempata. Kuna zaidi. Leya ukiiunganisha na iliyo chini yake, ya juu hupoteza jina na kubeba la chini. Tuseme ng'ombe amebahatika kuandikwa jina: mheshimiwa akishushwa juu yake, wote wawili wanaitwa ng'ombe. Azimio la Arusha lilihangaika na jambo hili tangu 1967.

Fadhila nyingine ni ndogondogo. Leya isiyo na jina hulinda mali, maana mwizi akiliiba faili atalirudisha mwenyewe. Hufundisha subira. Humnufaisha muuza kahawa wa jirani. Kuunganisha leya nako kuna baraka zake: kompyuta yenye kumbukumbu ndogo inapumua, na ukishahifadhi ukafunga faili, hakuna kurudi nyuma.

Hakuna kurudi nyuma! Hilo niliwaeleza watu wa ofisi moja, nisiyoitaja, kwa Kiswahili chepesi kabisa. Waliliona bango, wakalikubali, wakagonga mhuri. Nikaunganisha kila kitu, nikapeleka kuchapisha. Saa nne usiku simu inaita: mheshimiwa amehamishwa. Mtoe, muweke mpya, ila chatu asiguswe. Na huyo chatu mkia wake umepita mbele ya bega la mheshimiwa! Nani kaagiza? "Imeelekezwa." Na nani? "Kamati." Nani kwenye kamati? Simu ikakatika. Nikachora bega upya na mkia upya mpaka alfajiri, na asubuhi mtu mwingine kabisa akaniuliza kwa nini chatu amenenepa.

Kumbe kijana wangu nilikuwa namwonea. Yeye anaacha leya bila majina. Wenzetu wanaacha maagizo bila majina, wanayaunganisha yote yaitwe kamati, kisha wanafunga faili. Wala si kwamba kutoa majina kumewashinda wakubwa. Mkoa huu ulipomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012, Busega ikavutwa kutoka upande wa Mwanza, ukapewa jina la mto Simiyu, na wilaya zote tano zikawa na majina na mipaka yake. Ardhi yote hiyo ilipata jina. Aliyetaka bega libadilishwe saa nne usiku hana.

Ankara ya lile bega niliipeleka, pamoja na ya mkia. Kila nikiulizia naambiwa iko kwa mhusika. Basi naomba, kwa heshima zote, mhusika huyo aandikwe jina.