Kopo la Dawa za Mama

Nyumbani kwetu, kijijini Mbingu, dawa za Mama hukaa kwenye kopo la maziwa ya unga juu ya kabati la vyombo, wasikofika wajukuu. Mwaka ule wa masika makubwa kopo lilijaa hadi kifuniko kikawa hakifungi. Kila mtoto wa Mama alikuwa ametia chake humo kwa mapenzi, na mapenzi hayo nusura yamlemaze. Nakieleza kisa hiki kwa kuwa najua makopo ya namna hiyo yapo katika nyumba nyingi, kuanzia Mlimba hadi Mang'ula, na huko kwingine ambako wazee wamebaki kijijini na watoto wametawanyika.

Mambo yalianza asubuhi moja Mama akiwa anapeta mchele. Ungo ulimponyoka mkono wa kulia, mdomo ukaenda upande, maneno yakawa hayatoki sawasawa. Kabla jua halijapanda alikuwa amerudi katika hali yake, anataka kuendelea na kazi. Kaka mkubwa hakukubali. Alitafuta gari na Mama akapelekwa hospitali mjini Ifakara. Daktari alisema kile kilikuwa kiharusi chepesi, na kwamba chepesi huweza kutangulia kizito. Walipima damu, wakakuta lehemu, yaani kolesteroli, iko juu. Cheti kiliandikwa dawa tatu: amlodipini ya presha, ambayo Mama aliizoea, aspirini ndogo, na atorvastatini miligramu 20, kidonge kimoja kila usiku.

"Hii ya mwisho ni ya kudumu, Mama," daktari alimwambia. "Usiiache hata ukijisikia mzima."

Habari ya lehemu ilitushangaza. Tulidhani ni ugonjwa wa watu wanene wa mjini, na Mama ni mwembamba, maisha yake yote ameyamaliza kwenye majaruba ya mpunga. Daktari alieleza kwamba sehemu kubwa ya lehemu hutengenezwa na mwili wenyewe, hasa ini, hivyo wembamba si kinga. Chakula kinaongezea, hasa mafuta ya kula ya kupima, ambayo mengi yametokana na mawese. Lehemu ikizidi hujijenga ndani ya mishipa, mishipa inasinyaa, na siku damu ikiganda pale penye wembamba, mtu anaanguka.

Vidonge vya mwanzo vilipokwisha ndipo tulipoijua kazi ya kuvitafuta. Kwenye kituo cha afya amlodipini ilikuwepo, atorvastatini hapana. Duka la dawa muhimu nalo halikuwa nayo. Maduka haya, yaliyoanzia mkoani Ruvuma mwaka 2003, yamewafaa sana watu wa vijijini, ila yana orodha ya dawa yanazoruhusiwa kuuza na hayawezi kuvuka hapo. Ikabaki Ifakara, na masika yalikuwa yameshashika. Barabara ilikuwa tope tupu, magari yanalala njiani, na treni ya TAZARA haikuwa ikipita kila siku. Nauli ya kwenda na kurudi ilizidi bei ya dawa yenyewe.

Simu zikapigwa. Dada yetu anafanya kazi za ndani Maskati. Aliposikia Mama amekosa dawa alilia, kisha akaenda famasi na picha ya kidonge kwenye simu. Alinunua Lipitor ya miligramu 40, kwa kuwa ile ya 20 haikuwepo siku hiyo, akampa mwenzake aliyekuwa anarudi likizo. Boksi moja lilikula sehemu nzito ya mshahara wake. Mdogo wetu wa Dar es Salaam naye hakutaka kupitwa. Muuzaji mmoja alimweleza kuwa kuna dawa yenye nguvu zaidi, rosuvastatini, akatuma ya miligramu 20 kwa basi. Wiki hiyohiyo wifi yangu akapata lifti ya lori la mpunga, akarudi kutoka Ifakara na atorvastatini ileile ya cheti.

Maboksi matatu yakaingia koponi. Moja lilikuwa na maandishi ya Kiarabu, yote yalikuwa na rangi tofauti na majina tofauti. Mama ni mtu wa utaratibu. Aliyapanga akayapa kazi: ya Ifakara ya mafuta kwenye damu, ya Maskati ya mishipa, ya Dar ya moyo. Kila usiku baada ya kula alimeza zote tatu pamoja na aspirini na ile ya presha, akawataja na kuwaombea watoto waliozituma.

Mpunga ulipoanza kubeba tulihamia shamba kuamia ndege. Kazi hiyo Mama anaipenda kuliko zote: kukaa juu ya dungu na kombeo, kuwapigia kelele kweleakwelea tangu alfajiri. Nilikuwa nyuma yake siku aliyoshika ngazi ya dungu kwa mikono miwili. Aliinua mguu wa kulia ukafika kipago cha kwanza, akajivuta. Paja lilitetemeka chini ya kanga, goti halikunyooka. Akajaribu mguu wa kushoto, hali ikawa hiyohiyo. Alikaa kwenye tuta la jaruba akayashika mapaja yake. "Miguu imekataa," alisema. Kuanzia hapo hata kuinuka kwenye kigoda ilimlazimu ajisukume kwa viganja.

Kila mtu alikuja na maelezo yake. Kaka alisema ni masalia ya kiharusi. Lakini kiharusi kilikuwa cha upande mmoja, na maumivu haya yalishika mapaja yote mawili na nyonga sawasawa. Shangazi alisema Mama amekanyaga kitu alichotegewa. Jirani alisema dawa za mafuta ni sumu, ana ndugu yake zilimkausha misuli. Mtu mmoja akatuuzia diklofenaki za kutuliza maumivu bila kuuliza mgonjwa anatumia nini. Dawa hizo hupandisha presha, na zikikutana na aspirini huumiza tumbo. Mama alizinywa siku chache, tumbo likaanza kuwaka moto.

Hatimaye aliamua mwenyewe. Alifunga kopo, akalisukuma uvunguni, akaacha dawa zote, pamoja na ya presha. Miguu ilianza kupata nafuu kidogo, na nyumba nzima ikaamini jirani alisema kweli. Kisha kichwa kikaanza kumuuma kisogoni. Kituoni walipompima presha, nesi alirudia kipimo, akasema Mama asilale Mbingu siku hiyo.

Safari hii tulikwenda Ifakara na kopo lenyewe. Mfamasia, binti mdogo wa umri wa wajukuu wakubwa wa Mama, alitandika karatasi mezani akamwaga vyote.

"Shikamoo, Mama. Hizi zote unakunywa wewe?"

"Marahaba, mwanangu. Nilikuwa nakunywa. Wanangu ndio wameniletea."

Hakumkaripia. Aliyageuza maboksi moja moja, akaweka kidole chini ya jina kubwa, palipoandikwa kwa herufi ndogo. Chini ya Lipitor palisomeka atorvastatini. Kwenye boksi la Ifakara, atorvastatini. Kwenye la Dar, rosuvastatini. Alimwonyesha Mama mwisho wa majina hayo, "vastatini", akasema dawa zote zinazoishia hivyo ni za ukoo mmoja, zinafanya kazi moja, na mgonjwa hupewa moja tu. Atorvastatini 20, tena 40, na juu yake rosuvastatini 20: zikijumlishwa, Mama alikuwa anavuka kila usiku kiwango cha juu kabisa anachopewa mgonjwa.

Maswali yalifuata. Je, mkojo ulibadilika rangi ukawa mweusi, rangi ya chai kavu? Haukubadilika, na hapo mfamasia alishusha pumzi. Dawa hizi zikimzidi mtu, mara chache sana, misuli huvunjika, masalia yake yakaziba figo, na mkojo mweusi ndio dalili ya kukimbia hospitali bila kusubiri kukuche. Je, alipewa dawa za vidonda vya tumbo karibuni, au erithromaisini? Anakula mabalungi? Klarithromaisini iliyomo kwenye dozi nyingi za vidonda vya tumbo, erithromaisini, na hata maji ya balungi huzuia mwili kuiondoa simvastatini, ndugu mwingine wa ukoo huo, na, kwa kiasi, atorvastatini, kwa hiyo dawa hulimbikizana. Hata amlodipini, dawa ya presha ya wazee wetu wengi, ina mpaka wake: anayeitumia hapaswi kuzidisha simvastatini miligramu 20 kwa siku.

Damu ilionyesha kimeng'enya cha misuli kimepanda, ila hakijafikia hatari. Daktari alirudisha dawa ya presha palepale, akasimamisha zile za lehemu kwa wiki kadhaa, akapiga marufuku diklofenaki. Mapaja yalipopona na kipimo kiliposhuka, alimwanzishia atorvastatini peke yake, miligramu 10.

Mama aliipokea kwa hofu. Kila kiungo kilipouma baada ya kazi ya shamba, aliihukumu dawa. Daktari hakuidharau hofu hiyo. Alimsimulia utafiti uliofanyika Uingereza na kutangazwa mwaka 2020, uliowachukua watu 60 walioacha dawa hizi kwa sababu ya maumivu na usumbufu mwingine. Kwa mwaka mzima walipewa kwa zamu mwezi wa dawa, mwezi wa kidonge kitupu kisicho na dawa, na mwezi bila kidonge chochote, bila kujua kipi ni kipi kati ya vidonge viwili. Takriban asilimia 90 ya usumbufu waliopata kwenye dawa waliupata pia kwenye kidonge kitupu. Nusu yao walirudi kwenye dawa. "Maumivu yako ya mwanzo yalikuwa ya dawa, Mama, na damu imethibitisha," alisema. "Haya ya sasa tuyapime kabla ya kuyapa jina." Walipima, misuli ikawa salama. Mama akaendelea.

Kilichomtuliza zaidi ni habari ya chimbuko la dawa hizi. Akira Endo, Mjapani mtoto wa wakulima, alichunguza zaidi ya aina 6,000 za ukungu na vijidudu vingine akitafuta kitu cha kulizuia ini lisitengeneze lehemu nyingi. Mwaka 1973 alikipata katika ukungu wa bluu na kijani uliotoka kwenye mchele wa duka moja la nafaka mjini Kyoto. Mama aliposikia ukoo wa dawa yake ulianzia kwenye ukungu wa mchele, aliuliza mara mbili kama ni kweli. Ni kweli, ingawa mchele ulioota ukungu stoo kwetu hautibu chochote na unaweza kuwa na sumu. Mwaka 1994 utafiti wa wagonjwa 4,444 wa moyo wa nchi za Skandinavia ulionyesha simvastatini imepunguza vifo kwa asilimia 30. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani liliiingiza simvastatini kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Endo alifariki mwaka 2024 akiwa na miaka 90.

Na bei? Lipitor ilianza kuuzwa mwaka 1997 chini ya haki ya peke yake. Haki hiyo ilikwisha Marekani mwishoni mwa 2011, na viwanda vingine, vingi vya India, vikaingia sokoni na atorvastatini ya jina lake halisi. Kiambato ni kilekile, na bei ilishuka sana kwa sababu wauzaji wamekuwa wengi. Fedha aliyotoa dada Maskati kwa boksi moja ingemnunulia Mama dawa ya miezi mingi pale Ifakara. Tulitafuta mbali kitu kilichokuwa karibu, na kwa bei nafuu. Tulichokosa nyumbani kilikuwa mpango.

Sasa mpango upo. Dada wa Maskati na mdogo wetu wa Dar wanatuma fedha kwa simu, hawatumi tena dawa. Wifi hununua dawa za miezi mitatu kwenye famasi moja kabla mvua hazijaanza, na ndiye peke yake anayeweka kitu koponi. Ndani ya mlango wa kabati tumebandika karatasi yenye jina halisi la kila dawa, kiwango chake na saa yake, na karatasi hiyo husafiri na Mama kila aendako kutibiwa. Mafuta ya kula tumeyapunguza, samaki kitoga wa mtoni anachemshwa zaidi kuliko kukaangwa. Presha imetulia, lehemu imeshuka, na msimu uliopita Mama aliamia ndege hadi mavuno.

Kwako wewe uliye Maskati, Dubai, London au Dar es Salaam: kabla hujamnunulia mzazi dawa, piga simu, uliza anatumia nini na nani mwingine ametuma, kisha tuma fedha anunue karibu naye kwa cheti chake. Nawe unayeishi na mzee, leo hii mwaga dawa zake zote mezani, soma maandishi madogo, na ukikuta majina mawili ya ukoo mmoja yapeleke kwa mfamasia. Miguu ikiuma, mpelekeni apimwe. Msimwache aache dawa kimyakimya, kwa sababu kiharusi cha pili hakiaminiki kuwa chepesi.